Kimbweta: Meza ya Zege Inayosomesha Mlimani

Noti ya shilingi 500 ilipokuwa bado inatembea, upande wake wa nyuma ulikuwa na picha ya Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hata mtu ambaye hajawahi kukanyaga Mlimani, kama chuo hicho kinavyoitwa, alikuwa anaujua ukumbi ule, ingawa aliuona mkononi mwa konda tu, umekunjwa mara nne na kulowa jasho. Mwaka 2014 ikatoka sarafu, noti zikaanza kuadimika, ukumbi ukabaki kilimani kwake. Ni jengo zuri na lina historia, tutalifikia. Ila mwulize aliyemaliza Mlimani miaka ya karibuni shahada yake aliisomea wapi hasa. Ukumbi hatautaja. Maktaba anaweza kuitaja kwa heshima. Jibu la kweli ni kimbweta.

Kwa asiyekijua: kimbweta ni meza ya zege na mabenchi yake ya zege, vyote vimesimikwa ardhini, nje, mara nyingi chini ya mti. Hakivutwi, hakibebwi, hakiibiwi. Kamusi zina neno "bweta", kisanduku cha kutunzia vitu vya thamani, na ingawa wengi husema jina limetokana na Profesa Tolly Mbwette, mimi napenda kuona undugu hapo, maana kinachotunzwa kwenye kimbweta ni cha thamani pia. Siku hizi vimbweta viko Dodoma, Mzumbe, Sokoine, hadi sekondari za kata. Mabenki na makampuni hutoa vimbweta kama msaada, kisha huvipaka rangi zao, hivyo unaweza kukuta mtu anasoma sheria ya mikopo juu ya tangazo la mkopo.

Kwa nini chuo kizima kisomee nje? Anzia mwanzo. Tarehe 25 Oktoba 1961 chuo kilifunguliwa kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya mwavuli wa Chuo Kikuu cha London. Kitivo kilikuwa kimoja, Sheria, na wanafunzi hawakufika 15. Wangetosha vimbweta viwili, na nafasi ya kuweka mikoba ingebaki. Mwaka 1963 kikaunganishwa na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, 1964 kikahamia Observation Hill, kilomita 13 hivi magharibi ya katikati ya jiji, kwenye eneo la ekari 1,625. Tarehe 1 Julai 1970 vile vyuo vitatu vikaachana, kila kimoja kikawa chuo kikuu cha nchi yake.

Waliochora mpango wa majengo ya mwanzo, kampuni ya Norman & Dawbarn ya Uingereza, walikuwa wameshachora chuo cha Mona kule Jamaika, kwa hiyo joto la kitropiki hawakulisoma vitabuni. Mlimani kumejengwa kwa kufuata upepo na mteremko: majengo marefu membamba, baraza, njia za kupita zilizoezekwa, nafasi kubwa ya miti katikati. Nafasi hizo ndizo zilizokuja kuokoa jahazi. Wanafunzi walipoongezeka, hasa tangu milango ilipofunguliwa kwa wanaojilipia, vyumba vya mabweni havikuongezeka kwa kasi hiyo. Kukawa na kubebana: mwenye kitanda anamlaza mwenzake aliyekosa, na chumba cha wawili kinakuwa cha wanne. Ukiwa wanne chumbani, meza moja inakuwa kabati la vyombo. Mabweni ya Magufuli, majengo 20 ya wanafunzi 3,840 yaliyozinduliwa tarehe 15 Aprili 2017, yalipunguza kubanana huko, lakini desturi ya kusomea nje ilikuwa imeshakomaa. Mtu ana chumba chake na bado anatoka.

Sasa tukitazame chenyewe, maana vimbweta vingi vinajengwa vibaya na wanaoumia ni migongo ya watu.

Chukua cha mstatili, cha watu sita. Meza iwe na urefu wa sentimita 120 na upana wa 70, unene wa 7. Mabenchi mawili, urefu uleule, upana wa sentimita 30. Kikalio kiwe sentimita 45 kutoka ardhini, uso wa meza 75. Vipimo hivyo fundi yeyote anavijua. Anachokosea ni nafasi ya kati. Fundi anawaza mtu atapitaje kuingia, basi anasogeza benchi nje, sentimita 15 au 20 kutoka ukingo wa meza. Kiti cha kawaida ungekivuta. Benchi la zege halivutiki. Matokeo yake mtu anakaa amejikunja kama ndoano, na baada ya saa mbili kiuno kinamwambia arudi bwenini. Ukitazama kutoka juu, ukingo wa ndani wa benchi na ukingo wa meza vikutane, au viachane kwa sentimita 5 na zisizidi. Kuingia kutakuwa kwa taabu kidogo, utapitisha mguu mmoja mmoja. Hiyo ni taabu ya sekunde tatu.

Zege liwe la moja kwa mbili kwa nne. Kila mfuko wa saruji wa kilo 50 unakula ndoo tatu na nusu za lita 20 za mchanga na ndoo saba za kokoto ndogo. Meza, mabenchi na miguu yake vinahitaji mfuko mmoja na nusu hivi. Maji ni lita 25 hadi 28 kwa mfuko, na hapa ndipo penye ugonjwa: zege likiwa zito vibarua wanachoka, mtu anaongeza ndoo ya maji, linateleza vizuri kwenye karai na kila mtu anafurahi. Miezi sita baadaye pembe za meza zinamong'onyoka kama biskuti kwenye chai.

Mchanga wa ufukweni usiuguse. Dar mchanga wa bahari uko karibu na una bei nzuri, lakini chumvi yake inakula nondo kimyakimya. Nondo ikipata kutu inavimba, inasukuma zege kutoka ndani, na utaona ufa mrefu ulionyooka kabisa chini ya meza. Ufa ulionyooka, unaofuata mstari wa nondo, ni kutu. Ufa uliopindapinda mfano wa ramani ya mito ni jua: zege lilikauka haraka na hakuna aliyelimwagilia. Limwagiliwe siku saba kwa uchache, lifunikwe magunia yaliyolowa, na shata za chini, zile mbao za kuumbia zege, zisitolewe kabla ya wiki mbili.

Nondo za milimita 8 zinatosha, zikisukwa kwa miraba ya sentimita 15. Ziinuliwe kwa vile vijipande vya saruji ambavyo mafundi wanaviita biskuti, ili chini yake kubaki zege la sentimita mbili na nusu. Katikati ya miguu, nondo zikae chini, kwa kuwa uzito unaiminya meza juu na kuivuta chini. Lakini pale meza au benchi linaponing'inia nje ya mguu hesabu inageuka: kinachovutwa ni upande wa juu. Kila mtu Mlimani anajua kwamba ncha ya meza haitaachwa hivi hivi, lazima kuna jamaa ataikalia akiwa anaeleza hoja yake. Kama nondo imelala chini tu, ncha inakatika, na yeye pamoja na hoja yake wanashuka.

Wanafunzi wana neno lao, "nondo", kwa maana ya hoja nzito, jibu ambalo mwalimu hawezi kulikata. Sijui kama kuna kiti kingine duniani chenye nondo ndani na nondo juu.

Mahali pa kukiweka panahitaji akili zaidi ya zege. Jua la saa nane hadi kumi na moja, ndio muda wa vimbweta kujaa, linatoka magharibi, kwa hiyo mti uwe magharibi ya kimbweta, umbali wa mita tatu au nne kutoka shinani. Ukikibandika kwenye shina kabisa, mizizi itakinyanyua upande mmoja na kalamu zote zitakuwa zinabiringikia kwa mtu mmoja. Mwarobaini ni mti mzuri kwa kazi hii. Mwembe una kivuli kizito, ila msimu wake una maembe, utomvu na sisimizi. Uso wa meza uwe na mteremko mdogo sana, sentimita moja kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa ajili ya mvua za masika. Fundi anayejivunia pima maji yake atakukatalia, atakwambia meza lazima iwe sawa. Mwache ajivunie, lakini mwambie maji yakisimama juu ya meza asubuhi, atayafuta yeye kwa shati lake.

Vimbweta vipya vina paa na soketi za umeme. Paa nimeshawishika nalo. Soketi zina faida siku za kwanza, hadi mvua ya upepo inapopiga upande na kifuniko cha soketi kimeshang'olewa na mtu. Zikiwekwa, ziwe kwenye nguzo ya paa, juu ya usawa wa meza. Zikiwekwa kwenye mguu wa benchi, maji yanayorushwa kutoka ardhini yanazifikia mwezi wa kwanza tu wa mvua.

Kuhusu desturi. Kimbweta hakina mwenyewe, kina aliyewahi. Alama ya kuwahi ni daftari lenye jiwe juu yake; jiwe ni kwa ajili ya upepo, na pia kwa ajili ya tumbili, ambao Mlimani ni wakazi kamili. Tumbili daftari hana haja nalo, anachotafuta ni mfuko wa chapati ulio chini yake. Daftari bila mtu linaheshimiwa kwa muda wa kwenda kula na kurudi. Likikaa mchana kutwa, watu watalisogeza pembeni kwa adabu, wakae.

Kundi zuri lina watu watano au sita. Wakifika tisa, meza ya sentimita 120 inazaa mikutano miwili, huku wanajadili swali la pili na kule wanajadili bumu, fedha za mkopo wa wanafunzi, limeingia au bado. Anayejua vimbweta atakwambia kikao kiende hivi: mtu mmoja alete mitihani ya miaka iliyopita, mitatu inatosha, kila mmoja achukue swali lake siku moja kabla, na mezani aje kulifundisha kwa maneno yake. Kulisoma kutoka kwenye karatasi hakumsaidii mtu. Anayefundisha ndiye anayegundua ameelewa au alikuwa anajidanganya. Mimi ningeongeza sharti moja: aanze kusema yule ambaye mada imempita kushoto. Mwenye nondo akianza, wengine wanatikisa vichwa tu, na kutikisa kichwa hakuna alama kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula.

Hatari kubwa ya kimbweta ni desa. Desa ni yale maandishi ya kozi yanayorithishwa, ya mwaka huu yametolewa kopi ya mwaka jana, ya mwaka jana kopi ya mwaka juzi. Kila kopi inafifia kidogo, tarakimu ya 3 inageuka 8, alama ya kutoa inapotea, na kosa la mtu aliyeshamaliza na kuoa linaendelea kuwapa watu sapu, yaani mtihani wa kurudia. Kabla ya kukariri desa, chukua swali moja la hesabu lililomo ulikokotoe mwenyewe kwa kalamu. Likigoma, desa lote ulitilie shaka.

Usiku ni zamu nyingine. Wiki za mitihani taa zilizo karibu na majengo ndizo zinazoamua kimbweta kipi ni cha dhahabu na kipi ni cha wapendanao. Watu wa kupiga msuli, yaani kusoma kwa bidii, huja na shuka, maji, na dawa ya mbu ya kujipaka. Saa nane za usiku zege limeshapoa kabisa; anayelikalia bila kutandika kitu atajuta asubuhi.

Turudi kwenye Ukumbi wa Nkrumah, maana huwezi kuelewa kwa nini watu wanabishana vimbwetani kama hujui ubishi wa Mlimani ulikotoka.

Juni 1974 Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika ulifanyika katika ukumbi ule, kuanzia tarehe 19 hadi 27. Wa tano ulifanyika Manchester mwaka 1945. Huu wa Dar ulikuwa wa kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Wajumbe walitoka Karibi, Marekani na kwenye vyama vya ukombozi, na Mwalimu Nyerere akaufungua. Lakini miaka kadhaa kabla ya hapo wanafunzi walikuwa wameshajenga utaratibu wao. Mwaka 1967 walianzisha kikundi kilichojulikana kwa kifupi USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa kijana wa Kiganda, Yoweri Museveni. Jumapili asubuhi, wakati wengine wako kanisani au wamelala, wao walikuwa na madarasa ya itikadi. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana aliyekuwa akifundisha hapo, alikuwa mtu wao wa karibu. Walitoa jarida, wakaliita Cheche, jina waliloliazima kwa gazeti la Lenin. Novemba 1970 kikundi na jarida vikapigwa marufuku. Hoja ikawa Tanzania ina umoja wa vijana wa TANU na haihitaji cheche za kuazima. Waliobaki wakatoa jarida lingine chini ya umoja huo huo wa vijana, wakaliita Maji Maji. Hapo lawama ya kuazima ikakosa pa kushika.

Kuna jambo moja kuhusu kumbi ambalo halisemwi sana. Ukumbi una jukwaa na kipaza sauti, na mwenye kipaza sauti ndiye mwenye zamu. Katika Nkrumah unasikiliza watu wakubwa. Wasiopata zamu wamekuwa wakitafuta sehemu nyingine ya kusemea tangu chuo kianze, na mara nyingi sehemu hiyo imekuwa barabarani.

Kunji, kama wanavyoita mgomo, lina ukoo mrefu hapa. Mojawapo ya makubwa lilikuwa la tarehe 22 Oktoba 1966. Serikali ilitaka wahitimu waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na kwa miezi 18 ya muda huo walipwe asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi wakavaa majoho wakaandamana hadi Ikulu, na kati ya mabango waliyobeba lilikuwamo lililosema ukoloni ulikuwa afadhali. Kumwambia Nyerere hivyo, miaka mitano baada ya Uhuru, kulihitaji ama ushujaa ama kukosa akili, na naona vyote viwili vilikuwapo. Mwalimu aliwasikiliza, akawaambia wanaongelea mishahara, basi mishahara ni mikubwa mno, wa kwake ukiwamo. Akaukata wake kwa asilimia 20. Wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao. Machi 1978 wakaandamana tena, safari hii wakipinga marupurupu ya wabunge na mawaziri, na zaidi ya 350 wakafukuzwa. Ukiweka maandamano hayo mawili pamoja utaona kinyume cha ajabu: kwanza walionekana wanajipigania wenyewe, miaka 12 baadaye wakawa wanapinga wakubwa kujipendelea. Adhabu ikawa ileile.

Na kulikuwa na ukuta. Kwa miaka mingi Mlimani palikuwa na desturi ya Mzee Punch, karatasi zisizo na jina la mwandishi zilizobandikwa ukutani usiku, zenye maneno na michoro. Ilianza kama dhihaka kwa wenye mamlaka na wenye majivuno, na wapo wazee wanaoikumbuka kwa kicheko. Sioni pa kuchekea. Ukuta usio na jina haumjibu mtu, na taratibu walengwa wake wakubwa wakawa wanafunzi wa kike: aliyemkataa mwanamume, aliyethubutu kusema darasani, aliyevaa hivi au vile. Mtu "akipanchiwa", kumsemesha tu lilikuwa kosa. Februari 1990 mwanafunzi wa kike aliyekuwa akiandamwa hivyo alijiua. Wanaharakati wa wanawake, wanahabari wa TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, wakiwemo, walipaza sauti, na Punch akapigwa marufuku. Desturi nyingine ni bora zife, na hii ilichelewa kufa.

Ndio maana kimbweta nakipa hadhi ambayo wengine wanaona ninaikuza. Ni mahali ambapo unasema ukiwa umekaa uso kwa uso na anayekupinga, umbali wa sentimita 70, na hakuna kipaza sauti wala giza la kujificha. Ukisema upuuzi unajibiwa hapohapo.

Watu waliuliza vimbweta vitabaki na kazi gani baada ya maktaba mpya. Ile maktaba iliyojengwa kwa msaada wa China, iliyozinduliwa Novemba 2018, ina nafasi ya watu 2,100 kukaa kwa wakati mmoja na uwezo wa kubeba vitabu 800,000. Ina viyoyozi. Ukilinganisha na maktaba ya zamani, yenye jina la Dkt. Wilbert Chagula, Mtanzania wa kwanza kuwa mkuu wa chuo, ni mbingu na ardhi. Na vimbweta bado vinajaa. Sababu ni ndogo: maktaba ukifungua mdomo unatazamwa. Watu wanapokea hoja ndani kimya, kisha wanatoka kwenda kuigombania nje. Viyoyozi vya maktaba vina mchango wake pia, kuna wanaotoka kwa baridi tu.

Ndugu zetu wa ule muungano wa 1963 nao wana pao. Makerere, iliyoanza 1922 kama shule ya ufundi ya wavulana 14, ina Jengo Kuu na uwanja wa Freedom Square mbele yake. Jengo hilo la mwaka 1941 liliungua usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020, likajengwa upya na kufunguliwa tena Oktoba 2024. Bweni la Nsibirwa, ambalo zamani liliitwa Northcote, limebeba jina la Martin Luther Nsibirwa, Katikiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda aliyepigwa risasi mlangoni pa kanisa kuu la Namirembe tarehe 5 Septemba 1945, baada ya kuunga mkono sheria iliyowezesha ardhi kuchukuliwa kwa ajili ya kupanua chuo. Sijui mabweni mangapi yamegharimu hivyo. Nairobi kuna sanamu ya Gandhi, kumbukumbu ya jamii ya Wahindi waliochangisha fedha za chuo chao, ambacho kiliunganishwa na kile cha serikali miaka ya 1950. Sanamu na majengo wamejaliwa. Kwa meza za kubishania, Mlimani hatujapitwa.

Ukitaka kuviona, shuka Mlimani City, kwenye Barabara ya Sam Nujoma. Duka lile kubwa lenyewe limesimama kwenye ardhi ya chuo, tangu 2006. Panda gari la kuingia chuoni, au tembea kama una maji na kofia, ila kumbuka jina la Mlimani halikutolewa kwa utani. Katikati ya wiki ni bora kuliko Jumamosi. Saa nne asubuhi utakuta vimbweta vitupu na utavipiga picha vizuri, lakini utakuwa umepiga picha ya zege. Njoo saa kumi na moja jioni, wiki mbili kabla ya mitihani. Ukikuta nafasi, salimu kwanza, uliza kama pana mtu, kisha kaa. Penye daftari na jiwe pita. Na chapati uliyonunua kafeteria, uile ukiwa unatembea, usiiweke mezani hata dakika moja. Yule aliye juu ya mwarobaini ameshaiona.